Utafiti wa wanafunzi SUA: Mkulima yuko wapi siku matokeo yanapotolewa?

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) cha Morogoro huingia vijijini wakiwa na madodoso, futi kamba na mizani. Huuliza ekari ngapi zimelimwa, magunia mangapi yamevunwa, mbolea imenunuliwa kwa bei gani, kuku wangapi wamekufa na kwa ugonjwa gani. Mkulima huacha jembe, huvuta kigoda, hujibu. Baada ya miezi kadhaa mwanafunzi yuleyule husimama mbele ya wahadhiri wake kueleza alichokipata. Chumbani kuna projekta, kuna jopo, kuna wanafunzi wenzake wanaosubiri zamu yao. Mtu aliyejibu maswali hayupo.

Kwa msomaji wa kurasa hizi, suala hili linahusu mfuko wake. Utafiti wa mwanafunzi umelipiwa tayari, ama na mzazi, ama na mfadhili, ama na mkopo wa serikali kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoanza kazi mwaka 2005. Matokeo yake yakibaki kwenye kabati, mkulima hulazimika kuyanunua upya kwa njia ya hasara: anajaribu mbegu isiyofaa, anapulizia dawa wakati uliokwisha kupita, anauza msimu mzima kwa bei ya kutupa. Ndiyo sababu tunadhani saa moja ndani ya chumba cha uwasilishaji ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyofikiri.

Mihadhara miwili tofauti

SUA ilianzishwa mwaka 1984, baada ya kuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani humohumo Morogoro, Aprili 12 mwaka huo. Kumbukizi yake chuoni huambatana na mihadhara ya umma na maonyesho ya kazi za watafiti. Viongozi hualikwa, wanahabari hufika, na mada huwa pana: usalama wa chakula, ajira za vijana, mabadiliko ya tabianchi, mchango wa kilimo katika viwanda.

Hiyo ni mihadhara mizuri na ina kazi yake. Hata hivyo, mkulima anayetaka kujua apande nini wiki ijayo hatakipata hapo anachokitafuta. Mhadhara wa umma huzungumzia nchi nzima, na mzungumzaji huwa makini asimkwaze yeyote. Isitoshe, Aprili ni katikati ya masika. Mwenye mahindi yaliyofika magotini yuko kwenye palizi, hawezi kukaa ukumbini kutwa.

Uwasilishaji wa wanafunzi ni jambo jingine. Hauna mkanda wa kukata wala meza kuu yenye maua. Mwanafunzi hupewa dakika chache, mara nyingi zisizozidi 15, aeleze tatizo, alivyolichunguza, alichokipata na anachopendekeza. Kisha jopo humbana. Kwa nini ulichagua kaya hizi na si zile? Mvua ya mwaka huo ilikuwaje? Umejuaje kwamba tofauti hii imeletwa na mbolea na si rutuba iliyokuwepo tangu mwanzo? Wa shahada ya kwanza huwasilisha kazi ya mwaka wa mwisho; wa uzamili na uzamivu huanza kwa kutetea andiko la utafiti kabla ya kwenda shambani, kisha hurudi na matokeo, na mwisho hutetea tasnifu.

Kwa anayejua kusikiliza, maswali ya jopo yana faida kuliko hata uwasilishaji wenyewe. Hapo ndipo udhaifu wa kazi unapoanikwa, na mfanyabiashara anahitaji kuujua udhaifu huo kabla hajatoa fedha yake.

Mpunga wa Mkindo na swali la palizi

Chukua mfano wa kilimo shadidi cha mpunga. Mbinu hii ilianzia Madagascar katika miaka ya 1980 kwa juhudi za padri Mjesuiti, Henri de Laulanié. Badala ya kuhamisha miche iliyokomaa ya wiki tatu au nne, mitatu au minne kwa shimo, mkulima huhamisha miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Jaruba halijazwi maji wakati wote. Hulowanishwa, huachwa likauke kiasi, kisha hulowanishwa tena. Mche ulio peke yake hupata mwanga na hewa, huchipua machipukizi mengi na kuteremsha mizizi chini.

Watafiti na wanafunzi wa SUA wameifanyia kazi mbinu hiyo katika skimu ya umwagiliaji ya Mkindo, Wilaya ya Mvomero, wakilinganisha umri wa miche, nafasi na kiasi cha maji. Matokeo yalionyesha kwamba maji kidogo yanaweza kutoa mpunga mwingi zaidi. Katika skimu ambayo walio mwisho wa mfereji hulalamika kila kiangazi, hiyo ni habari kubwa. Mbegu nazo huokolewa, kwa kuwa shimo moja linataka mche mmoja tu.

Lakini mkulima wa mpunga akikaa mbele ya jedwali hilo la mavuno, jambo la kwanza litakalomjia ni magugu. Maji yaliyotuama ndiyo dawa ya magugu ya mkulima maskini. Ukiyaondoa, majani huota, na palizi ambayo ilikuwa moja huwa mbili au tatu. Nani atapalilia? Kwa ujira gani? Kuna kifaa cha kusukuma kwa mkono kati ya mistari, ambacho hufanya kazi vizuri ikiwa mistari imenyooka na maji yako kwa kiasi. Je, kinapatikana kwa fundi wa karibu, na akina mama ambao ndio wapaliliaji wanakiweza? Miche ya siku 10 ni laini kama nywele. Vibarua waliozoea kupandikiza haraka haraka wataipenda kazi hiyo kwa bei ileile?

Maswali hayo hayaipingi mbinu. Yanaonyesha mahali ambapo gharama imehamia: kutoka kwenye maji na mbegu kwenda kwenye nguvu kazi. Mwenye familia kubwa shambani ataona faida mapema. Anayetegemea vibarua apige hesabu mara mbili. Mwanafunzi aliyepima maji kwa uangalifu mkubwa anaweza asiwe na jibu la ujira wa palizi, na akiulizwa mapema ataliongeza kwenye dodoso.

Panya maarufu na panya wa shambani

Hakuna kazi ya SUA iliyotangaa duniani kama ya panya. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilihamishia mafunzo yake Morogoro mwaka 2000 kwa ushirikiano na chuo hicho. Panya buku hufundishwa kunusa baruti za mabomu ya ardhini, na baadaye wakafundishwa kunusa vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu hayo mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na taasisi ya Uingereza ya PDSA mwaka 2020, akafa Januari 2022 akiwa amestaafu. Wapo binadamu waliotumikia zaidi ya miaka 30 wasipate hata cheti.

Wakati panya huyo akipigwa picha, ndugu yake mdogo anaendelea kula mahindi. Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ndiye mharibifu mkubwa wa nafaka mashambani hapa nchini. Makadirio ya watafiti yanaweka hasara ya mahindi nchini kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka, na mwaka wa mlipuko shamba zima linaweza kufukuliwa. Hufanya uharibifu mkubwa mara mbegu inapofukiwa na siku chache baada ya kuota. Mkulima huamka akakuta vishimo vimefuatana mstarini kana kwamba aliyefukua alikuwa na kamba ileile iliyotumika kupandia.

Watafiti wa SUA na wenzao wa Ubelgiji na Denmark wamemfuatilia panya huyu kwa miongo kadhaa pale Morogoro: wakimtega, wakimwekea alama, wakimwachia na kumtega tena. Mwaka 1996 Herwig Leirs wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake walichapisha kazi iliyoeleza kwamba mlipuko unaweza kutabiriwa kwa mvua. Mvua zikiwa nyingi mwishoni mwa mwaka, kabla ya masika, majani na mbegu za porini hupatikana mapema na panya huanza kuzaa mapema. Jike mmoja anaweza kutoa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo. Watoto hao hukua na kuzaa wao wenyewe kabla msimu haujaisha, na hesabu yao hupanda haraka mno.

Kwa mwenye shamba, huo ni utabiri unaoweza kuokoa mbegu. Vuli ikinyesha sana, usingoje kuona vishimo. Zungumza na majirani mapema na hakikisheni sumu inayoruhusiwa inapatikana kabla ya kupanda. Kuna jambo la pili ambalo wachunguzi wa panya hulirudia kila wanapopewa nafasi. Kuweka sumu kwenye ekari yako peke yako ni kumkaribisha panya wa jirani aje kuchukua nyumba iliyo wazi. Inabidi kitongoji kizima kiweke kwa wakati mmoja.

Mwenye duka la pembejeo naye ana chake hapo. Akijua Desemba kwamba Februari kutakuwa na mahitaji, ataagiza kwa wakati badala ya kukimbilia Dar es Salaam wiki ambayo wateja wameshakasirika. Sioni ni kwa nini taarifa ya namna hiyo isibandikwe kwenye ofisi ya kila kata ikiwa imeandikwa kwa mistari mitano.

Hekta, ekari na lumbesa

Tatizo mojawapo ni vipimo. Mwanafunzi hutoa matokeo kwa tani kwa hekta, mkulima hufikiri kwa magunia kwa ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Hivyo tani 3 za mahindi kwa hekta ni takribani kilo 1,200 kwa ekari, yaani magunia 12 ya kilo 100. Tunazungumzia gunia la mizani, si la lumbesa lililoshonewa kichwa cha ziada juu.

Kingine ni ukubwa wa kitalu. Majaribio mengi ya wanafunzi hufanyika kwenye vipande vidogo, tuseme mita 3 kwa 4, kwa kuwa ndivyo muda na fedha vinavyoruhusu. Kipande hicho ni mita 12 za mraba. Mizani ikikosea gramu 100 tu, kosa hilo likipanuliwa kufikia hekta linakuwa kilo 83. Kwa sababu hiyo kipande kimoja hakitoshi, na jopo huuliza jaribio limerudiwa mara ngapi. Nawe uliza hivyo hivyo, na uulize pia kama ni la msimu mmoja au miwili. Tanzania ina misimu isiyofanana. Mbegu iliyong'ara mwaka wa mvua nzuri inaweza kukuaibisha mwaka unaofuata.

La tatu ni bei, na hapa wanafunzi wengi wa fani za mimea huwa wepesi mno. Wakishaona mavuno yameongezeka, hupendekeza. Tupige hesabu ya mfano. Chukulia mbolea ya ziada imepandisha mahindi kutoka tani 3 hadi 3.6 kwa hekta. Nyongeza hiyo ni kilo 240 hivi kwa ekari. Kilo ikiuzwa Sh600, mkulima anapata Sh144,000. Kama mbolea, usafiri na kibarua wa kuiweka vimegharimu Sh90,000, amebakiwa na Sh54,000. Sasa shusha bei hadi Sh350, kama inavyoweza kutokea kila mtu anapovuna siku moja. Nyongeza ileile inaleta Sh84,000, na mkulima amepoteza Sh6,000 kwa kufuata ushauri sahihi. Mbolea haikukosea. Kilichokosekana ni ghala la kungojea bei.

Mwanafunzi wa uchumi wa kilimo angeliona hilo mara moja, lakini yeye huwasilisha chumba kingine.

Rojo, Mshindi na Pesa

Isidhaniwe kwamba hakuna kinachotoka. Mpango wa utafiti wa maharage wa SUA, uliofanywa kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Marekani tangu miaka ya 1980, umetoa mbegu ambazo wakulima wanazifahamu. SUA 90 ilitolewa mwaka 1990, Rojo ikafuata mwaka 1997, kisha Mshindi na Pesa mwaka 2006. Tazama majina yalivyobadilika. La kwanza ni la ofisini. Yanayofuata yametoka jikoni na sokoni: rojo kwa mpishi ni mchuzi mzito, na pesa haihitaji maelezo.

Pengine huo ni ushahidi kwamba watafiti walijifunza njiani. Mtu wa Kariakoo hanunui harage kwa sababu linastahimili ugonjwa wa majani. Anatazama rangi, anauliza linaiva kwa muda gani na mkaa kiasi gani, na kama mchuzi wake ni mzito. Mama lishe anayepika sufuria tatu kwa siku anajua tofauti ya harage la saa moja na la saa mbili kuliko mtu yeyote mwenye shahada. Angekaribishwa kwenye jopo, wanafunzi wengi wangepata jasho.

Kwa upande wa kuku wa kienyeji pia kuna kazi nyingi. Watafiti wa SUA walichunguza aina kama kuchi, ching'wekwe na singamagazi, wakipima uzito, mayai na uwezo wa kuhimili magonjwa. Chanjo ya I-2 dhidi ya mdondo, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na baadaye kutengenezwa hapa nchini, nayo imefanyiwa majaribio mengi. Hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa bado inataka kutunzwa mahali pa baridi. Haimponyi kuku aliyekwisha ugua. Mfugaji anayejua hayo machache hatawazika kuku wote kila kiangazi.

Kiingereza na mlango ulio wazi nusu

Kikwazo kikubwa ni lugha. Chuo kikuu hufundisha kwa Kiingereza na mwanafunzi hupimwa kwa Kiingereza. Alikusanya maelezo kwa Kiswahili, pengine kwa Kiluguru katika vijiji vya milimani, akayatafsiri ili apewe alama, na hakuna anayemdai ayarudishe katika lugha yalikotoka. Hatudai taratibu za mitihani zibadilishwe. Tunapendekeza ukurasa mmoja tu wa Kiswahili mwishoni mwa kila kazi, wenye mambo manne: tatizo, kilichopatikana, gharama yake kwa ekari, na mahali ambapo mtafiti hana uhakika. Ukurasa huo upelekwe kwa ofisa ugani wa kata ilikofanyika kazi. Asiyeweza kuuandika huenda hajaielewa kazi yake.

Vijiji vilivyo karibu na chuo vina haki ya kudai zaidi, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa mara nyingi. Serikali ya kijiji inapompokea mwanafunzi mwenye barua ya utambulisho, inaweza kumwekea sharti jepesi: arudi kutoa matokeo kwenye mkutano wa kijiji kabla hajahitimu. Nauli ya Mlali au Mkindo si ya kumshinda.

Mkutano wa namna hiyo hauhitaji projekta. Kijana ataamkia, wazee wataitikia, na baada ya dakika kumi mmoja atasimama: "Mwanangu, umesema vizuri. Sasa hiyo dawa, ekari moja inakula shilingi ngapi, na inauzwa wapi?" Kijana akijibu vizuri, kijiji kitampa mteja wake wa kwanza atakapofungua duka.

Anayetaka kusikiliza chuoni kwenyewe aanze kwa kupiga simu au kufika kwenye idara inayohusika na zao lake, aombe ratiba ya semina na kuuliza kama wageni wanaruhusiwa, maana kila idara ina utaratibu wake. Vipindi vingi huangukia kuelekea mwisho wa mwaka wa masomo. Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza ya SUA ndiyo yenye kazi ya kuwafikia watu wa nje ya chuo kwa mafunzo mafupi, na Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1991, hutunza tasnifu, nyingi zikipatikana pia kwa intaneti. Wanaoona chuo ni mbali wasubiri Agosti, wakati wa Nanenane katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere mjini Morogoro. Banda la SUA huwa na wanafunzi wanaoeleza kwa Kiswahili, na siku za mwanzo, kabla umati haujafika kilele Agosti 8, mwanafunzi ana muda wa kukaa na mtu mmoja na kupiga naye hesabu ya ekari yake. Nenda na kalamu, na bei za soko lako la wiki hiyo.